UZI: Kapteni Eric Wilson, aliyetunukiwa Victoria Cross akidhaniwa amekufa, na sajini Msomali ambaye hakutajwa jina

Mdau wa Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila tukifungua mjadala wa Vita Kuu ya Pili humu jukwaani tunaishia kwa Hitler, Stalin na Normandy, kana kwamba vita vile havikufika kwetu. Vilifika. Leo naleta habari za afisa mmoja wa jeshi la Uingereza ambaye karibu utumishi wake wote wa vitani aliufanya na askari Waafrika, akaja kufanya kazi hapa hapa Tanganyika mpaka mwaka wa uhuru. Anaitwa Eric Charles Twelves Wilson. Nishani yake ni Victoria Cross, VC, ya juu kuliko zote za ushujaa mbele ya adui kwa Waingereza. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Alizaliwa Oktoba 1912 Sandown, kisiwa cha Wight, baba yake akiwa kasisi wa Kianglikana. Alisoma Marlborough, akaingia chuo cha maafisa cha Sandhurst, na mwaka 1933 akapewa kamisheni kwenye East Surrey Regiment. Mwaka 1937 akaazimwa King's African Rifles, KAR, ambayo wazee wetu waliiita keya. Mwaka 1939 akahamishiwa Somaliland Camel Corps, kikosi cha ngamia cha Somalia ya Waingereza: maafisa Waingereza, askari Wasomali.

Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani, na mwezi huo huo Ufaransa ikasalimu amri. Hilo la Ufaransa liliwaumiza sana Waingereza wa Somaliland, maana hesabu zao za ulinzi ziliwategemea Wafaransa wa Djibouti kushika upande mmoja. Djibouti ikajitoa. Agosti 3, 1940 majeshi ya Italia chini ya Jenerali Guglielmo Nasi yakavuka mpaka kutoka Ethiopia, watu wapatao 24,000, wengi wao wakiwa askari Waafrika wa makoloni ya Italia. Upande wa pili hawakufika hata robo ya idadi hiyo.

Njia ya kutoka Hargeisa kwenda bandari ya Berbera inapita kwenye pengo la vilima vya mawe liitwalo Tug Argan. Anayelishika pengo lile ndiye anayeishika Berbera. Waingereza wakagawanya watu wao juu ya vilima, kila kilima kikapewa jina: Black Hill, Knobbly Hill, Mill Hill, Castle Hill, Observation Hill. Tazameni sasa nani walikuwa juu ya vilima na nyuma yake: Northern Rhodesia Regiment, batalioni ya 2 ya KAR kutoka Nyasaland, batalioni mbili za Punjab, Black Watch wa Uskochi, na Camel Corps. Yaani Wazambia, Wamalawi, watu wa Punjab na Wasomali, na Waskochi batalioni moja.

Kapteni Wilson alipewa vituo vya bunduki rashasha pale Observation Hill, na wapigaji wote wa rashasha hizo walikuwa Wasomali.

Nieleze kidogo bunduki yenyewe. Rashasha ya zama zile ni Vickers, inayopozwa kwa maji. Mtutu umevikwa koti la chuma linalojazwa maji zaidi ya lita nne, vinginevyo utaungua kwa joto la risasi. Imekaa juu ya miguu mitatu mizito, na risasi zinaingia kwa mkanda mrefu ambao lazima mtu aushike na kuuongoza usikwame. Mmoja anafyatua, mwingine analisha mkanda, wengine wanabeba masanduku ya risasi na madebe ya maji. Katika nchi kavu kama ile, Agosti, kila tone la maji lina wanaolihitaji wawili, bunduki na binadamu. Vickers haipigwi na mtu mmoja. Shikeni hilo, nitalirudia.

Agosti 11 Waitalia wakashambulia. Wilson na Wasomali wake wakawarudisha nyuma, kisha wakageuza bunduki na kuwapiga waliokuwa wakipanda Mill Hill, kilima cha jirani. Hasara waliyoitia ilikuwa kubwa kiasi kwamba adui akaamua lazima rashasha zile zinyamazishwe kwanza. Akasogeza mizinga midogo ya kubebwa na wanyama mpaka umbali wa mita kama 640. Makombora mawili yakapenya kwenye matundu ya kufyatulia na kupasukia ndani ya kituo. Wilson akajeruhiwa vibaya bega la kulia na jicho la kushoto. Kadhaa katika timu yake nao wakaumia. Bunduki zikang'olewa kwenye miguu yake. Akazitengeneza, akazirudisha, wakaendelea kupiga. Sajini wake akauawa ubavuni pake.

Tarehe 12 na 14 mizinga ikarudi kulenga kituo kile kile. Vidonda vyake havikuwa vimefungwa na tabibu yeyote. Tarehe 15 vituo viwili vya rashasha vikafumuliwa kabisa, na Wilson sasa alikuwa na malaria juu ya majeraha. Saa 11 jioni ya siku hiyo adui akakifikia kituo na kukipitia.

Siku hiyo hiyo ya 15 Meja Jenerali Godwin-Austen, aliyefika kushika uongozi tarehe 11, aliamua kuondoka. Black Watch wakazuia nyuma pale Barkasan, wakashuka na singe, na kufikia tarehe 18 jeshi lote lilikuwa limepakiwa melini Berbera kwenda Aden. Churchill alikasirika. Aliona waliokufa upande wa Waingereza ni wachache mno, 38 tu, kwa hiyo hawakupigana vya kutosha. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza Mashariki ya Kati, akamjibu kwamba wingi wa maiti si ushahidi wa mbinu nzuri za vita. Mimi nampa Wavell heshima yake kwa jibu lile.

Wilson akahesabiwa amekufa. Oktoba 1940 gazeti rasmi la serikali, London Gazette, likatangaza VC yake, na maelezo yakamalizia kwamba aliuawa akipigana mpaka mwisho. Nyumbani kwao wakaomboleza.

Kumbe yuko hai. Waitalia walimtoa pale mahututi, wakamtibu, wakamweka kambi ya mateka Eritrea. Akiwa huko akaletwa mateka mwingine, rubani wa Kiingereza, naye ndiye aliyemwambia kwamba ana VC na kwamba dunia inajua ni marehemu. Mwaka 1941 Eritrea ilipoanguka mikononi mwa Waingereza, mateka wakawa huru.

Baada ya hapo alikwenda Misri na Libya na Long Range Desert Group, kikosi kilichokuwa kikipenya jangwani nyuma ya adui. Kisha akarudi kwa keya: msaidizi wa mkuu wa batalioni ya 11 ya KAR, ya Kenya, vita vya Bama (Burma, leo Myanmar) dhidi ya Wajapani mwaka 1944. Huko aliangushwa na taifasi ya vichakani, ile inayoletwa na utitiri, akalazwa miezi miwili. Akaletwa Jinja, Uganda, kuongoza kituo cha mafunzo ya askari wa miguu. Mwaka 1946 Northern Rhodesia Regiment, mwaka 1949 akastaafu na cheo cha luteni kanali. Akaingia utumishi wa serikali ya Tanganyika, akakaa mpaka 1961. Alirudi London kusimamia hosteli ya wanafunzi wa kimataifa, na kwa miaka kadhaa alikuwa katibu wa Anglo-Somali Society. Alifariki Desemba 2008 akiwa na miaka 96, mwenye VC mkongwe kuliko wote waliokuwa hai.

Sasa nifike ninapotaka. Nimeyasoma maelezo ya VC ile mara nyingi. Jina la kilima limo, jina la pengo limo, saa ya mwisho imo. Kuhusu mtu aliyekufa kando yake maelezo yanasema tu "sajini wake Msomali". Jina lake alikuwa Omar Kujoog. Siandiki haya kumpunguzia Wilson hata chembe. Aliyoyafanya ni makubwa na nishani ilimstahili. Nauliza: katika timu ile yote, ambayo bila yenyewe Vickers haitoi risasi, nishani ya juu ilimwona mmoja tu?

Karibuni.

Kijana wa Jinja

Mkuu, heshima kwako. Kile kituo cha Jinja sisi tumekulia jirani na hatukuwahi kuambiwa nani alikiongoza. Swali langu: je, kisheria Mwafrika aliruhusiwa kupata VC wakati ule, au mlango ulikuwa umefungwa kabisa? Maana kama ulifungwa, basi lawama ni ya sheria, si ya makamanda.

Mwalimu wa Tabora

Swali zuri sana, kijana wangu, na jibu lake linauma.

VC ilianzishwa Januari 1856 na Malkia Victoria, vita vya Krimea vikielekea mwisho, na tangu mwanzo haikubagua cheo. Afisa na askari wa kawaida, wote sawa. Nishani nyingine nyingi zilibagua: Military Cross ilikuwa ya maafisa, Military Medal ya askari wa chini, na mgawanyo huo uliendelea mpaka 1993. Kwa hiyo VC ilikuwa na heshima ya pekee.

Kwa askari wa India mlango ulifunguliwa 1911. Mwaka 1920 sheria ikaandikwa upya na ikajumuisha majeshi ya makoloni na nchi lindwa. Maana yake mwaka 1940, Sajini Omar Kujoog juu ya kilima kile alikuwa na haki ya VC kama kapteni wake. Na si nadharia. Mwaka 1944 koplo wa Fiji, Sefanaia Sukanaivalu, alipewa VC kwa aliyoyafanya kisiwa cha Bougainville, Pasifiki. Askari wa India na Nepal walipata VC karibu 30 katika Vita ya Pili, nyingi Bama na Italia.

Katika KAR yote, vita vile vyote, ilitolewa VC moja, na haikwenda kwa Mwafrika mweusi.

Sasa mtauliza kwa nini. VC haidondoki kutoka juu. Inaanza na afisa wa kikosi anayeandika pendekezo na kukusanya mashahidi walioona kwa macho, kisha karatasi inapanda ngazi kwa ngazi mpaka kwa mfalme. Kila ngazi inaweza kuikata au kuishusha iwe nishani ndogo. Katika KAR waliokuwa wakishika kalamu wote walikuwa Wazungu. Na tayari walikuwa na kiwango walichokizoea kwa askari: kulikuwa na nishani maalumu ya Distinguished Conduct Medal ya KAR, iliyotolewa tangu mwanzoni mwa karne mpaka 1942. Afisa akiona ushujaa wa askari, mkono wake unaelekea huko. Mlango wa VC ulikuwa wazi kwa maandishi, ila hakuna aliyempeleka mtu mpaka kizingitini.

Mwana wa Nchi

Wakuu, mtanisamehe, lakini mimi naona tunampamba mkoloni. Waingereza na Waitalia walikuwa wakigombea ardhi ya Wasomali. Msomali anakufa Tug Argan kwa faida ya nani? Halafu huyo Wilson akaja kututawala Tanganyika miaka 12. Nishani ya mfalme wa Uingereza inatuhusu nini sisi?

Mdau wa Upanga

Ndugu yangu Mwana wa Nchi, hoja yako naiheshimu na nakubaliana nusu nzima. Vita vile havikuwa vya Wasomali. Na ndiyo, alikuja akiwa sehemu ya serikali ya kikoloni.

Lakini askari waliokuwa pale walikuwa wetu, na wale wa upande wa Italia wengi walikuwa Waafrika pia. Tukisema nishani haituhusu, tunaliacha faili lote mikononi mwa walioliandika, na faili limeandika "sajini wake Msomali". Mimi nataka jina liingie. Hilo haliwezi kufanyika bila kumsoma Wilson, kwa sababu tunamfikia sajini kupitia kapteni wake.

Hargeisa-Eastleigh

Assalaam aleikum nyote. Nimeusoma uzi huu taratibu, na mimi ni wa huko.

Niongeze kuhusu Camel Corps. Waingereza walipopanda meli Berbera, askari wa Camel Corps waliachiwa uamuzi: kuondoka nao au kubaki na familia zao. Wengi walibaki. Machi 1941 Waingereza waliporudi kutoka Aden na kushuka Berbera, askari wale walianza kujitokeza, wengine wakiwa bado na bunduki zao walizozificha kwa miezi yote ya utawala wa Italia. Kikosi kikasukwa upya haraka. Uaminifu wa namna hiyo hakuna anayeweza kuuagiza kwa amri.

Na sasa sikieni mwisho wake. Mwaka 1944 Camel Corps waliasi, na kikosi kikavunjwa. Miaka minne baada ya Tug Argan hakikuwepo tena. Kikosi kikishavunjwa, nani anabaki kukitetea? Rejimenti za Kiingereza zina makumbusho yake, kanisa lake, kitabu cha majina, chama cha wastaafu kinachodai haki mwaka hadi mwaka. Camel Corps ilibakiwa na kumbukumbu za familia tu. Ndiyo maana jina la Omar Kujoog linabaki kutajwa kwa sababu afisa wake aliishi mpaka miaka 96 na alikuwa akiwataja.

Mjukuu wa Keya

Mwalimu, na wewe Mdau, mmenigusa. Babu yangu mzaa baba alikuwa batalioni ya 26 ya KAR, ya Tanganyika. Ile batalioni ya 11 ya Wilson, 26 ya kwetu na 34 ya Uganda zilikuwa brigedi moja, ya 25, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wenye nembo ya kichwa cha kifaru. Walipita bonde la Kabaw wakati wa masika ya Bama, 1944, kutoka Tamu kwenda Kalewa. Babu alikuwa akisema tope lilikuwa linafika kiunoni na nyumbu wanazama na mizigo yao. Malaria na hiyo taifasi ya vichakani ziliondoa watu wengi kama risasi za Mjapani. Desemba 1944 walifika Kalewa, na hapo mto Chindwin ukajengewa daraja la vyuma la Bailey, refu kuliko yote ya aina yake yaliyokuwepo wakati ule.

Nina medali yake, Burma Star, hapa mezani ninavyoandika. Nyota ya pembe sita, rangi ya shaba iliyofifia. Utepe ni bluu nzito, mstari mpana mwekundu katikati na mistari miwili ya rangi ya chungwa pembeni. Mbele ina herufi za mfalme na taji. Nimeigeuza nyuma: patupu. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna kikosi. Mwenye nayo hatambuliki mpaka sisi wa ukoo tuseme ni ya nani.

Halafu nimesoma kwamba VC inachongwa jina la mwenye nayo nyuma ya kile kipande kinachoshika utepe, na tarehe ya tukio inachongwa kwenye duara nyuma ya msalaba. Je, nyota hizi za kampeni Waingereza wenyewe walichongewa?

Mwalimu wa Tabora

Hapana mjukuu wangu, hapo walikuwa sawa. Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye nyota za Vita ya Pili hata kwa askari wake, kwa sababu ya wingi na gharama. Australia na Afrika Kusini walichonga za kwao. Tofauti ni kwamba mjukuu wa Mwingereza anakwenda kwenye kumbukumbu za jeshi na kulikuta faili la babu yake. Wewe unakwenda wapi?

Na palipokuwa na tofauti ya wazi ni malipo ya kuwaaga askari vita vilipoisha. Yalipangwa kwa rangi. Askari mweusi wa cheo kile kile na miezi ile ile ya utumishi alipata takriban theluthi ya alichopata mweupe wa majeshi ya Afrika Mashariki.

Itunze hiyo nyota. Andika karatasi yenye jina la babu, kikosi na kijiji, uihifadhi pamoja nayo.

Mkamba Original

Mwalimu amesema VC moja tu kwa KAR nzima. Ni Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa hapa Kenya, ukoo ule ule wa Louis Leakey wa mafuvu ya Olduvai. Alikuwa batalioni ya 1/6, ambayo askari wake walikuwa wa Tanganyika. Mei 19, 1941, Kolito kule Ethiopia, vifaru vya Italia viliwatokea kwa nyuma walipokuwa wamevuka mto Bilate. Leakey alirukia kifaru kimoja juu, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva. Akaenda kuvifuata vingine na hapo ndipo alipouawa. VC yake ilitangazwa Novemba 1945. Mwili haukupatikana, jina lake liko kwenye mnara wa East Africa Memorial, Nairobi.

Sasa Mdau, soma maelezo ya nishani yake. Alipokwenda kuvinyemelea vile vifaru vingine, alikwenda na sajini-meja Mwafrika wa kombania na "askari mwingine". Wawili. Vijana wa Tanganyika waliovikimbilia vifaru kwa miguu pamoja naye, na majina yao hayamo.

Mdau wa Upanga

Mkamba, asante sana. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Tug Argan mwaka 1940 na Kolito mwaka 1941, maelezo mawili tofauti, waandishi tofauti, na kalamu imefanya kitu kile kile. Sidhani walikusudia ubaya. Walimwandikia mfalme, na waliona inatosha kusema "Msomali" au "askari".

Kwa wanaopenda kujua, VC zilipatikana pia hapa kwetu katika Vita ya Kwanza. Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia, Maktau karibu na Voi, Septemba 3, 1915: alikuwa majeruhi mguuni, akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wenzake, akauawa. William Bloomfield wa Afrika Kusini alipata yake Mlali, Agosti 24, 1916, kwa kumrudia majeruhi wake akivuka uwanda unaopigwa risasi. Frederick Booth karibu na Songea, Februari 12, 1917, kwa kwenda porini mbele ya adui kumtoa mtu aliyejeruhiwa.

Kijana wa Jinja

Na sisi huku tulikuwa na rais aliyejipachika "VC". Idi Amin aliandikishwa KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha 1945, lakini akasema alipigana Bama. Ile VC yake alijitungia mwenyewe, "Victorious Cross". Inaniuma kwa sababu Uganda ilikuwa na batalioni za 4, 34 na 44 zilizokuwa Bama kweli. Wazee wale walikaa kimya vijijini huku mtu ambaye hakuwepo akivaa kifua kizima cha nishani.

Mama Zubeda Mombasa

Wanangu, msiwasahau walioondoka hapa Kilindini Februari 1944. Meli ya Khedive Ismail ilikuwa inakwenda Colombo. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000, pamoja na manesi. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iliipiga torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu 1,300. Hawakupata nafasi ya kupigana, kwa hiyo hakuna wa kuwaandikia nishani, lakini walikuwa wakienda vita vile vile vya akina Wilson. Hapa mjini zilikuwepo nyumba zilizopata habari kwa mdomo tu.

Mwana wa Nchi

Nimewasoma wote. Bado nasema vita havikuwa vyetu. Ila kuhusu majina nimewaelewa. Pale Dar, kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927, maandishi yanamwambia askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nendeni mkalizunguke lile sanamu lote. Hakuna jina hata moja.

Mdau wa Upanga

Mwana wa Nchi, hapo umeongea. Na hilo lilikuja kukiriwa rasmi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu Vita ya Kwanza, ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Vita ya Pili ina afadhali. Mjukuu wa Keya, na wengine wenye wazee waliofia huko: tovuti ya tume hiyo inakuruhusu kutafuta kwa jina, kikosi na nchi. Jaribu tahajia zote, maana karani aliandika alivyosikia. Mtu mmoja anaweza kuwa Juma, Jumaa na Joma. Waliofia Bama bila kaburi wako kwenye mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon, wenye majina 27,000. Kwa Afrika Mashariki ni ule mnara wa Nairobi aliousema Mkamba. Pia yapo makaburi ya vita ya Dar es Salaam.

Waliorudi wazima ndio wagumu kuwapata. Tuanze hapa. Andikeni jina la mzee, kijiji, kikosi, namba ya jeshi kama imo kwenye kitabu chake cha kuachia kazi, na mahali alipopigana. Wale wenye wazee wa batalioni ya 1/6, angalieni kama kuna aliyewahi kusimulia Kolito na vifaru. Mimi nitapanga majina yote kwa vikosi na kuyapandisha kwenye ukurasa wa kwanza wa uzi, na la kwanza nimeshaliweka: Omar Kujoog, sajini, Somaliland Camel Corps, Observation Hill, Agosti 1940.

Mjukuu wa Keya

Nimekwenda kukitafuta kitabu chake. Namba ipo, inasomeka. Naiandika jioni nikishamwuliza baba ruhusa.